Alituzwa kwa uadilifu, kisha akafungwa: je, tuufute mfano wake?

*"Nafanya kazi katika idara ya mipango ya kaunti moja hapa Kenya. Tunaandaa pendekezo la huduma ya dharura ambapo daktari na muuguzi wanamfuata mgonjwa nyumbani kwa gari. Mwezeshaji mmoja alitupa mfano wa wilaya ya Bantaeng, Indonesia, na kiongozi wake Nurdin Abdullah. Nilivutiwa: profesa aliyesoma Japani, akainua wilaya maskini, akapewa tuzo ya kupinga rushwa, akawa gavana. Nilipotafuta zaidi nikakuta alifungwa kwa hongo. Bosi wangu anasema tuufute mfano wote, eti yalikuwa maigizo tangu mwanzo. Mwenzangu anasema alitegwa na wapinzani. Nani yuko sahihi? Na mtu anabadilikaje hivyo akitoka wilayani kwenda mkoani? Nikumbushe pia kwamba mfanyabiashara mmoja anayetengeneza barabara za kaunti amejitolea kutupa magari mawili ya kuanzia, bure."*

Ndugu msomaji, hofu yako naielewa. Umelijenga pendekezo juu ya jina la mtu, jina limechafuka, na unaona kabisa mwakilishi wadi mmoja akisimama mbele ya kamati, simu mkononi, akisoma habari za jela. Bosi wako na mwenzako kila mmoja amekupa jibu la sentensi moja. Yote mawili yamekosea, na nitakueleza kwa nini. Ile sentensi yako ya mwisho kuhusu magari mawili nimeiweka kando kwa sasa. Nitairudia, maana ndiyo iliyonishtua kuliko zote.

Tuanze na cheo chenyewe, kwa sababu wengi wanaosoma habari za Indonesia hukosea hapa. Bupati, yaani kiongozi wa wilaya, hateuliwi na rais. Zama za Suharto majina yalipitia Jakarta na jeshi lilikuwa na kauli kubwa. Baada ya kuanguka kwake mwaka 1998 nchi iligatua madaraka, na kuanzia 2001 fedha na mamlaka nyingi zikashushwa moja kwa moja wilayani, zikiuruka mkoa. Tangu katikati ya 2005 wananchi wanamchagua bupati kwa kura zao, kwa kipindi cha miaka mitano, na ukomo ni vipindi viwili. Bupati ndiye mwenye bajeti ya shule za msingi, zahanati na barabara za wilaya, na ndiye anayewateua wakuu wa idara. Gavana wa Indonesia ana eneo kubwa na heshima kubwa, ila sehemu ya kazi yake ni kuwa jicho la serikali kuu. Kwa madaraka ya kila siku, gavana wenu wa kaunti anafanana zaidi na bupati kuliko na gavana wa kule. Kwa hiyo mtu anapotoka wilayani kwenda mkoani haongezewi tu ukubwa wa kazi ileile. Anaingia katika kazi nyingine na siasa nyingine.

Bantaeng iko kusini mwa Sulawesi, imejibana kati ya bahari na miteremko ya mlima Lompobattang, kiasi cha kilomita 120 kutoka Makassar. Nurdin alipochaguliwa mwaka 2008 ilihesabiwa miongoni mwa wilaya zilizobaki nyuma nchini. Yeye alikuwa na shahada ya uzamivu kutoka Chuo Kikuu cha Kyushu, alifundisha misitu katika Chuo Kikuu cha Hasanuddin, na alikuwa ameongoza kiwanda kimoja cha Makassar kinachotengeneza butsudan, yale makabati ya ibada ambayo familia za Kibudha za Japani huyaweka nyumbani kwa ajili ya wafu wao. Usiyapite haraka hayo makabati. Kwa sababu ya biashara hiyo na masomo yake aliwafahamu watu Japani, na kupitia kwao wilaya ikapata magari ya wagonjwa na ya zimamoto yaliyokwisha kutumika huko. Ndipo kikaanzishwa kikosi kimoja cha dharura: zamu ya saa 24, namba fupi ya simu, daktari na muuguzi ndani ya gari, na zimamoto chini ya paa hilohilo. Mtu wa kijijini akizidiwa usiku alipiga simu, gari likaja na daktari. Hiyo ndiyo huduma uliyosimuliwa, na ilikuwepo kweli.

Mafuriko nayo yalipungua. Mji wa Bantaeng ulikuwa unajaa maji karibu kila masika mvua ikinyesha mlimani, akajenga bwawa la kuzuia kasi ya maji juu ya mji. Wakulima wa nyanda za juu walisukumwa kulima stroberi na tufaha. Ufukwe wa Seruni ukafanywa mahali pa watu kupumzikia. Kulikuwa na upande mwingine pia. Aliwaita wawekezaji wa nikeli, na leo wakazi wanaoishi karibu na viwanda vya kuyeyushia nikeli vya Pajukukang wanalalamikia vumbi na visima vinavyokauka. Juni 2020, akiwa ameshakuwa gavana, mji ulifurika tena. Kwa hiyo bosi wako akisema yalikuwa maigizo, mjibu hivi: kazi ilifanyika, watu waliiona, na kama kazi yoyote ya serikali ilikuwa na kasoro na mwisho wake. Tuzo ya Bung Hatta ya kupinga rushwa, inayobeba jina la makamu wa kwanza wa rais wa nchi hiyo, alipewa mwaka 2017. Tuzo humpima mtu kwa yale yaliyoonekana hadi siku ile. Haina mkono wa kumshika kesho yake.

Mwenzako naye asikubabaishe na habari za kutegwa. Usiku wa tarehe 26 Februari 2021 maofisa wa tume ya kupambana na rushwa, KPK, waliwafuatilia watu wawili waliokutana kwenye mgahawa Makassar: mkandarasi mmoja, na katibu wa idara ya ujenzi ya mkoa. Wakatoka pale na magari mawili, na njiani sanduku likahamishwa kutoka gari moja kwenda jingine. Mkandarasi alikamatwa akiwa safarini kurudi Bulukumba. Katibu alikutwa na sanduku lenye takriban rupia bilioni mbili. Gavana alichukuliwa kwenye nyumba yake ya serikali usiku wa manane. Kesi ilisikilizwa Makassar, na tarehe 29 Novemba 2021 mahakama ikamhukumu miaka mitano jela na faini ya rupia milioni 500, ikaamuru arudishe rupia bilioni 2.187 pamoja na dola za Singapuri 350,000, na ikamnyima haki ya kuchaguliwa kwa miaka mitatu baada ya kifungo. Makosa yalikuwa mawili: hongo iliyofungamana na miradi, na zawadi zilizopokewa kutoka kwa wakandarasi wengine bila kuripotiwa. Agosti 2023 aliachiwa kwa masharti.

Wapinzani alikuwa nao, hilo ni kweli. Mwaka 2019 baraza la mkoa lilianzisha uchunguzi rasmi dhidi yake na naibu wake, mojawapo ya hoja ikiwa uteuzi wa maofisa 193 uliosainiwa na naibu gavana na baadaye ukabatilishwa. Ila KPK haikulihitaji baraza hilo. Na kama mtu anadhani tume iliwaonea wanaokuja tu na kuwaacha wenyeji wa madaraka, amtazame aliyemtangulia Nurdin. Syahrul Yasin Limpo alipanda ngazi zote kuanzia chini: kata, tarafa, bupati wa Gowa, naibu gavana, gavana kwa miaka kumi, kisha waziri wa kilimo. Oktoba 2023 alikamatwa, Julai 2024 akahukumiwa miaka kumi kwa kuwakamua maofisa wa wizara yake, na rufaa ikaongeza ikawa 12. Magavana wawili waliofuatana, mmoja profesa na mwingine mwana wa ukoo wa siasa, wakaishia mlango mmoja.

Sasa swali lako gumu: mtu anabadilikaje? Mimi huwa silipendi neno "kubadilika" katika kesi hizi. Linatufanya tutafute siku ambayo shetani aliingia, na tukiikosa tunarudi kwenye maigizo au mtego. Ni afadhali kufuata fedha.

Mshahara wa msingi wa gavana wa Indonesia ni rupia milioni tatu kwa mwezi, kiwango kilichowekwa mwaka 2000, na posho ya cheo ni milioni 5.4. Jumla yake, kwa viwango vya kubadilishia fedha vya miaka ambayo Nurdin alikuwa gavana, ni kama dola 600 za Marekani. Nyumba, gari na fungu la shughuli za ofisi vipo juu ya hapo, lakini si pesa za kulipia uchaguzi. Na uchaguzi lazima ulipiwe. Kwanza tiketi. Mwaka 2018, Nurdin alipogombea ugavana, jozi ya wagombea, yaani gavana na naibu wake, ilihitaji vyama vyenye angalau asilimia 20 ya viti vya baraza la eneo husika (Mahakama ya Katiba ilikishusha sana kiwango hicho Agosti 2024). Chama kimoja aghalabu hakitoshi, basi unabisha hodi kwenye vyama vitatu, na makao makuu ya vyama vyote yako Jakarta. Nurdin alisimama kwa PDI-P, PKS na PAN. PDI-P, chama cha kizalendo, na PKS, chama cha Kiislamu, kitaifa huwa kama mafuta na maji, ila mkoani walikaa meza moja bila taabu. Sheria inakataza kulipia uteuzi, lakini Waindonesia wana jina la malipo hayo, wanayaita mahari ya siasa, na jambo lisilotokea halipewi jina.

Baada ya tiketi kuna timu ya ushindi hadi vijijini, kuna mabango, kuna mawakala katika kila kituo cha kura kati ya vituo maelfu, na kuna kile wanachokiita shambulio la alfajiri, bahasha zinazopita nyumba kwa nyumba kabla jua halijachomoza siku ya kupiga kura. Sisi watu wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kutafsiriwa hilo. Chama hakilipi gharama hizi, mara nyingi chenyewe kinategemea kulipwa. Mshahara tumeuona. Anayebaki mwenye fedha taslimu na sababu ya kuzitoa ni mkandarasi, kwa kuwa yeye atarudishiwa kwa zabuni. Anachangia wagombea wawili watatu ili asikose. Mshindi akishaapishwa, deni halina karatasi na halina tarehe ya kumalizika. Linadaiwa kwa simu fupi kabla zabuni haijatangazwa, na mtu wa kati ni ofisa wa ujenzi ambaye cheo chake kiko mikononi mwa gavana.

Nisieleweke vibaya. Hukumu ya Nurdin inahusu alichopokea akiwa ofisini, haikuandika historia ya kampeni yake, nami sidai kwamba sanduku lile lilikuwa deni la 2018. Naeleza mazingira ambamo kila gavana anafanya kazi. Wapo waliopita humo bila kukamatwa, na wapo, naamini, waliopita bila kupokea. Mazingira hayamfutii mtu jukumu lake.

Kwa nini basi Bantaeng haikuyaonyesha haya? Jibu langu ni ukubwa. Wilaya ile haifiki watu laki mbili na nusu, na mwaka 2013 bupati aligombea tena mbele ya watu waliolipanda lile gari la wagonjwa au waliokuwa na jirani aliyelipanda. Kazi yenyewe ilikuwa kampeni, na ilikuwa imeshalipiwa na bajeti. Sulawesi Kusini ina wilaya na miji 24 na watu takriban milioni tisa. Mkulima wa Luwu, mwendo wa saa nyingi kaskazini, Bantaeng anaisikia kama wewe unavyoisikia. Kumfikia kunahitaji mitandao ya watu wengine, na mitandao ya watu wengine haiji bure. Hata mgombea mwenza huangaliwa anakuja na nini. Naibu wake, Andi Sudirman Sulaiman, ni mdogo wake Amran Sulaiman, mfanyabiashara mkubwa ambaye wakati ule alikuwa waziri wa kilimo. Nurdin alipokamatwa naibu huyo ndiye aliyeshika ofisi, na mwaka 2024 akachaguliwa kuwa gavana kwa kura.

Kuna na jingine ambalo mwezeshaji wenu hakuligusa. Bantaeng ya Nurdin iliendeshwa na macho ya mtu mmoja. Yeye ndiye aliyezijua simu za Japani, yeye ndiye aliyekagua mifereji. Watu husifu uongozi wa aina hiyo, nami nauogopa. Mkoani mtu hawezi kukagua kila mfereji, anawategemea maofisa, na kama hakujizoesha kujenga taratibu zinazombana hata yeye mwenyewe, anabaki na watu wake wa kuaminika. Yule katibu aliyekutwa na sanduku alikuwa mmoja wao.

Na wilaya yenyewe? Hapa ndipo penye habari tamu. Kabla ya Nurdin bupati alikuwa Azikin Solthan. Nurdin alipomaliza vipindi viwili mwaka 2018, akachaguliwa Ilham Azikin, mtoto wa Azikin. Mwaka 2024 Ilham akaangushwa na Fathul Fauzy Nurdin, anayejulikana kama Uji, mtoto wa Nurdin. Sheria ya mwaka 2015 ilijaribu kuwazuia ndugu wa walioko madarakani wasigombee, Mahakama ya Katiba ikakitupa kifungu hicho mwaka huohuo. Watu wa Bantaeng walijua fika kwamba baba alifungwa. Wakampa mtoto kura. Unaweza kusema ni ukoo, ni fedha, au ni kumbukumbu ya lile gari lililokuja usiku. Nadhani yote matatu yamo, na ripoti yenu isijifanye inajua kiasi cha kila kimoja.

Wapo Waindonesia wanaosema dawa ni kuwaondolea wananchi kura hii. Bunge lilipitisha sheria ya kuirudisha kwa mabaraza Septemba 2014, ikafutwa na amri ya rais ndani ya siku chache, na Desemba 2024 Rais Prabowo Subianto alilifufua wazo hilo kwa hoja ya gharama. Mimi sikubaliani nalo. Kati ya 1999 na 2004 mabaraza ndiyo yaliyochagua, na hongo haikutoweka, ilipungua tu idadi ya mikono ya kuipokea.

Turudi kwenye ripoti yako. Ukiufuta mfano, mwakilishi wadi mwenye simu hatapata cha kusoma, lakini mtapoteza funzo la huduma yenyewe na mtaokota mfano mwingine ambao hamkuuchunguza. Ukiuacha kama ulivyo, utakuwa umewauzia watu shujaa. Mimi ningeitoa sura ya mtu na kuibakiza huduma: kikosi cha dharura cha Bantaeng, kilivyoanza, kilivyoendeshwa, na aya moja ya wazi inayosema mwanzilishi wake baadaye alifungwa kwa hongo akiwa gavana, na tarehe zake. Kisha uliza ambayo wasifu wa kiongozi haujibu. Nani alilipa mafuta baada ya mwaka wa tatu? Vipuri vilitoka wapi? Madaktari wa zamu walikuwa waajiriwa wa kudumu au wa mkataba? Kikosi kiliendeleaje chini ya bupati aliyetoka familia pinzani? Swali hilo la mwisho ndilo mtihani wa kweli. Majibu yake hayapatikani kwa kusoma habari tu. Andikieni ubalozi wa Indonesia ulioko Nairobi uwaunganishe na wilaya na watafiti wa Hasanuddin, na mkitaka kunukuu hukumu mtafuteni mtafsiri aliyeapishwa wa Kiindonesia, msitegemee programu ya simu kwa maneno ya mahakama. Jambo dogo la nyongeza: Kenya haipokei magari yaliyotumika yenye umri wa zaidi ya miaka minane, kwa hiyo njia ya magari ya msaada kutoka Japani kwenu si nyepesi kama ilivyokuwa kwao.

Na sasa yale magari mawili. Umeyataja kama neema. Mtoaji anatengeneza barabara za kaunti, yaani ana zabuni kwenu leo na atataka nyingine kesho. Sheria ya Indonesia humpa mtumishi wa umma siku 30 za kazi kuripoti zawadi kwa KPK, na zawadi ya rupia milioni kumi au zaidi isiyoripotiwa inamtaka aliyeipokea athibitishe kwamba haikuwa hongo. Sehemu ya hukumu uliyoisoma inatokana na kanuni hiyo. Sijui nia ya mfanyabiashara wenu, huenda ni njema kabisa. Hata hivyo jambo hili halimalizwi na majibu ya mtu wa mbali kama mimi. Kabla funguo hazijapokewa na kabla ya picha ya makabidhiano, nenda mwenyewe kwa mwanasheria wa kaunti na barua ya ahadi hiyo mkononi, muulize Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka msaada upokewe na kuandikwaje, na nani ajitoe kwenye kamati za zabuni. Akisita, au akikwambia "haya mambo huwa tunamalizana", ofisi ya Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi iliyo karibu nawe inapokea watu wanaokwenda kuuliza, hata kama hawana wa kumshtaki. Nenda na mwenzako mmoja, na uondoke na jibu lililoandikwa.